Hajui Somo au Hajui Lugha? Mwongozo wa Kumsaidia na Kumpima Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Kila Januari, madarasa ya Kidato cha Kwanza katika shule zetu za kata, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, hupokea watoto ambao kwa miaka saba wamefundishwa hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili, na ambao kuanzia juma hilo wanatakiwa kusikiliza, kusoma na kujibu karibu kila kitu kwa Kiingereza. Wengi wao walianza kukisoma Kiingereza kama somo walipofika Darasa la Tatu. Nyumbani wanazungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, sokoni na michezoni wanazungumza Kiswahili, na Kiingereza hawakisikii popote isipokuwa darasani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa somo lolote, si mwalimu wa Kiingereza peke yake, kwa sababu ukijumlisha vipindi vya Baiolojia, Jiografia, Kemia, Fizikia na Hisabati utaona kwamba sisi ndio tunaokaa na watoto hawa kwa saa nyingi zaidi katika lugha hiyo.

Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha Baiolojia, nilimpa sifuri msichana mmoja katika swali la namna mmea unavyojitengenezea chakula. Alikuwa ameandika mistari miwili isiyoeleweka. Siku chache baadaye, tukiwa katika bustani ya shule, nilimuuliza kwa Kiswahili kwa nini mahindi yaliyoota chini ya mkorosho yalikuwa membamba na ya njano, naye akanijibu bila kusita kwamba kivuli kimeyanyima mwanga, na bila mwanga hayawezi kujipikia chakula cha kutosha hata kama maji yapo. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na lilizidi kile nilichokuwa nimeuliza katika jaribio. Sifuri niliyompa haikuwa imepima Baiolojia hata kidogo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika alama yoyote, najiuliza swali moja: mtoto huyu hajui somo, au hajui lugha? Yote yanayofuata hapa chini ni njia za kulijibu swali hilo mapema, na kufanya kazi kulingana na jibu lake.

Kabla ya kufundisha, jua mtoto amesimama wapi

Katika juma la pili la muhula wa kwanza, tenga kipindi kimoja cha dakika 40 kwa ajili ya jaribio ambalo halitaingia katika alama za mtu yeyote, na uwaambie wanafunzi hivyo waziwazi ili wasiogope wala kutazamiana. Chagua mambo matano ambayo una hakika waliyasoma shule ya msingi, kwa mfano sehemu za mmea na kazi zake, au namna malaria inavyoenezwa. Andaa karatasi mbili zenye maswali yale yale, moja kwa Kiingereza chepesi na nyingine kwa Kiswahili. Gawa kwanza ya Kiingereza, ikusanye baada ya dakika 15, kisha gawa ya Kiswahili. Ukianza na ya Kiswahili, watoto watabahatisha majibu ya Kiingereza kwa kukumbuka mpangilio wa maswali, na hutapata picha ya kweli.

Ukizilinganisha karatasi hizo mbili, darasa litajigawa lenyewe. Wapo watakaojibu vizuri kwa lugha zote mbili, na hao utawahitaji baadaye katika kazi za jozi. Wapo, na katika madarasa niliyofundisha mimi hili ndilo fungu kubwa kuliko yote, watakaojibu vizuri kwa Kiswahili na kuacha wazi au kuvuruga upande wa Kiingereza. Hawa hawahitaji kurudiwa somo polepole, kwa maana somo wanalijua, na kurudiarudia jambo wanalolijua huwachosha na kuwafanya waamini kwamba wao ni wazito wa akili. Wanachohitaji ni maneno na sentensi za kubebea kile ambacho tayari kimo vichwani mwao. Fungu la tatu ni la wale wasiojibu kwa lugha yoyote. Mwite kila mmoja wao mezani kwako, umpe aya fupi ya Kiswahili aisome kwa sauti, kwa sababu wachache kati yao watakuwa na tatizo la kusoma kwenyewe, na mtoto huyo kumpa orodha ya misamiati ya Kiingereza ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo.

Usidanganywe pia na ulimi mwepesi. Kuna mtoto anayetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, anasalimia vizuri na kuomba ruhusa vizuri, nawe ukaona hana shida yoyote. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitofautisha, mwaka 1979, kati ya lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma inayohitajika kueleza, kulinganisha na kutoa sababu. Uchunguzi wake uliofuata kuhusu watoto wahamiaji ulionesha kwamba lugha ya mazungumzo huweza kupatikana kwa miaka 2 hivi, ilhali lugha ya kitaaluma huchukua miaka 5 hadi 7 kumfikisha mtoto kwenye kiwango cha wenzake. Zingatia kwamba watoto hao waliishi katika nchi ambako Kiingereza kiliwazunguka dukani, barabarani na kwenye televisheni. Wa kwetu wanapewa miaka miwili tu kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na chanzo chao cha Kiingereza ni mwalimu na kitabu. Ukilielewa hilo, kimya cha darasa mwezi Februari hakitakukasirisha.

Maneno ya kipindi

Katika andalio la somo, chini ya malengo, andika maneno yasiyozidi manane ambayo mwanafunzi hawezi kuelewa kipindi bila kuyajua. Manane yanatosha. Nimejaribu kumi na tano na hayakushikika.

Katika kuyachagua, walimu wengi huchukua istilahi za somo peke yake, kama vile "photosynthesis" au "evaporation". Hizo ni muhimu, lakini mara nyingi si ndizo zinazomwangusha mtoto, kwa sababu ni ngeni kwa kila mtu, mwalimu huzieleza, na hazina maana nyingine ya kuzichanganya. Hatari zaidi ni neno ambalo mtoto anadhani analijua. "Table" analijua kama meza, kisha anaambiwa achore "table" ya matokeo. "Root" ni mzizi katika Baiolojia na ni kipeuo katika Hisabati. "Product" ni bidhaa dukani na ni zao la kuzidisha katika swali la namba, na "power" ina maana moja kwa mwalimu wa Fizikia na nyingine kwa mwalimu wa Hisabati. Maneno ya namna hii yatajwe kwa uwazi kwamba humu katika somo letu yana maana hii, na yaandikwe yakiwa na maana zote mbili.

Kuna pia maneno madogo ya kuunganishia mawazo, kama "because", "therefore", "unless", "whereas" na "although". Kila mwalimu hudhani mwenzake ameshayafundisha. Mtoto anaweza kujua istilahi zote za sentensi na bado akaielewa kinyume kwa sababu hakujua maana ya "unless". Mimi huchagua moja la aina hii kila juma na kulitumia katika kila kipindi hadi lizoeleke.

Maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, na pale manila isipopatikana, upande wa ndani wa mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri unafaa kabisa. Kila neno liwe na mchoro mdogo na maana ya Kiswahili. Yasomwe kwa sauti na darasa zima, silabi kwa silabi, kwa kuwa mwanafunzi aliyezoea tahajia ya Kiswahili, ambayo husomwa kama ilivyoandikwa, hushangazwa na lugha inayoandika hivi na kutamka vile. Kwetu huku kuna jambo la ziada, nalo ni herufi "l" na "r" kubadilishana, ambalo watoto wengi huja nalo kutoka katika lugha za nyumbani. Mtoto ataandika "loot" akikusudia "root", au "glass" akikusudia "grass". Waandikie jozi za maneno hayo ubaoni, uyatamke, wao wanyooshe mkono wa kulia wakisikia moja na wa kushoto wakisikia jingine. Dakika tatu zinatosha. Asichekwe mtu, na wewe mwalimu usiwe wa kwanza kucheka.

Kitumie Kiswahili kwa mpango

Nimeona shule zenye kibao cha mbao kinachovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesikika akiongea Kiswahili. Sijawahi kuona kibao hicho kikimfundisha mtu hata neno moja. Nilichokiona ni watoto wanaojifunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza huna namna ya kumsaidia kwa sababu hujui kilichomkwaza. Kwa upande mwingine, mwalimu anayesema sentensi moja kwa Kiingereza na kuitafsiri papo hapo, kipindi kizima, naye hawasaidii, kwa maana masikio yao hujifunza kuipuuza sentensi ya kwanza na kuisubiri ya pili. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, ambayo ni kuamua kabla ya kipindi ni wapi Kiswahili kitatumika na kwa kazi gani.

Chukua mfano wa mada ya kuvu. Hapa Mtwara na Lindi hakuna mtoto wa mkulima asiyeujua ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua na majani machanga ya mkorosho kwa kitu cheupe kama unga, ambao wazazi wao huupiga vita kwa salfa. Fungua kipindi kwa dakika tano za Kiswahili: nani ameuona, unaanza sehemu gani ya mti, mavuno huwaje usipopuliziwa dawa. Watoto watazungumza kwa wingi, na watasema mambo ambayo ni Baiolojia halisi. Kisha waambie kwamba kitu hicho ni kiumbe hai kiitwacho "fungus", na kwamba kwa Kiingereza ugonjwa wenyewe ni "powdery mildew". Waoneshe kwamba majina yote mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, yanataja unga. Kuanzia hapo endelea kwa Kiingereza, ukitumia sentensi fupi na mchoro ubaoni, ukiyagusa maneno ya ukutani kila unapoyataja. Baada ya maelezo ya dakika kumi, simama. Wape dakika mbili waelezane wawili wawili kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde kama ndiyo inayowafungua, kile walichokielewa. Ndipo uwarudishe kwenye Kiingereza kwa kuwapa viunzi vya sentensi ubaoni, kama hivi: "The fungus attacks the ___ because ___." na "Farmers use ___ in order to ___." Wazijaze kwa mdomo kwanza, kisha kwenye daftari.

Mpangilio huo, yaani kuanza na wanachokijua, kusikiliza kwa Kiingereza, kuelezana kwa lugha yao, kusema kwa Kiingereza na mwisho kuandika kwa Kiingereza, unaweza kuutumia katika mada yoyote. Nimeutumia hata katika alama za tahadhari za maabara ya Kemia. Mtoto ambaye vidole vyake vimewahi kubabuliwa na mafuta ya ganda la korosho mbichi hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwa nini chupa iliyoandikwa "corrosive" haishikwi kwa mkono mtupu.

Kuwafanya waseme

Ukiuliza swali, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu walisubiri kwa wastani wa sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Hao walikuwa watoto waliojibu kwa lugha waliyoizoea. Wa kwetu analisikia swali kwa Kiingereza, analigeuza Kiswahili, anapata jibu, analigeuza tena Kiingereza, na ndipo anyooshe kidole. Mimi huhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mwanzoni ukimya huo ni mzito kwa mwalimu, lakini darasa huuzoea ndani ya juma moja.

Katika darasa la wanafunzi 70 huwezi kumsikiliza kila mmoja, kwa hiyo kazi ya jozi ndiyo inayomwezesha kila mtoto kutamka Kiingereza angalau mara moja kwa kipindi. Wapange jozi kwa kutumia lile jaribio la juma la pili, anayejua kwa lugha zote mbili akae na anayejua kwa Kiswahili tu, na uwabadilishe kila mwezi ili yule wa kwanza asigeuke mkalimani wa kudumu. Mtoto anaposema "leaf it make food", usimkatize. Mrudishie sentensi yake ikiwa imenyooka, "Yes, the leaf makes food," kisha uendelee na hoja.

Kuhusu kusoma, jambo la lazima ni moja: usiwaambie wafungue kitabu ukurasa fulani na kusoma kimya bila maandalizi. Waanze na michoro na maelezo yake, wape maswali mawili ambayo jibu lake limo ndani ya aya, kisha wewe usome aya hiyo kwa sauti wakifuatisha kwa kidole. Kuhusu kuandika, viunzi vya sentensi vipunguzwe hatua kwa hatua. Mwezi wa kwanza mpe sentensi nzima yenye mapengo, baadaye maneno mawili ya kuanzia, na ikifika Agosti mpe swali peke yake. Nimewahi kusahau kuviondoa, na matokeo yake darasa zima lilishindwa kuanza kuandika siku ya mtihani wa muhula kwa sababu lilikuwa likisubiri pengo.

Kupima kinachostahili kupimwa

Hapa ndipo haki ya mtoto inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Kabla ya kutunga swali, andika pembeni kwa Kiswahili jambo moja unalotaka kulijua. Kwa mfano: je, anajua mmea unahitaji nini ili kutengeneza chakula? Kisha tazama swali ulilolitunga. Swali linalosema "With the aid of a well-labelled diagram, account for the role played by leaves in the manufacture of food by green plants" linapima mambo manne kwa pamoja, na matatu kati ya hayo ni Kiingereza. "What does a green leaf need to make food? Write three things" linapima lile moja ulilokusudia. Neno la somo libaki, kwa maana "leaf" na "food" ni sehemu ya Baiolojia yenyewe, na ukitaka kupima neno "photosynthesis" liandike. Kinachoondolewa ni mitego isiyo ya somo: sentensi ya kutendwa iliyorefuka, ukanushaji maradufu, majina ya watu na mahali yasiyo na kazi katika swali, na kitenzi cha amri ambacho hukuwahi kukifundisha.

Vitenzi vya amri vinahitaji kipindi chake. "Mention", "define", "explain", "describe", "distinguish" na "outline" hutokea katika mitihani mwaka baada ya mwaka, na mtoto asiyejua tofauti yake hupoteza alama za jambo analolijua vizuri. Tumia ukweli uleule kwa vitenzi tofauti. Waambie "Mention two parts of a leaf", wataandika maneno mawili. Kisha "Explain why a leaf is broad and flat", na hapo waone kwamba maneno mawili hayatoshi, kwamba panahitajika "because". Halafu "Distinguish between a leaf and a root", na waone kwamba lazima vitu vyote viwili vitajwe katika kila hoja. Bandika vitenzi hivyo ukutani na uviache hapo hadi Novemba.

Zipo pia njia za kuonesha ujuzi zisizohitaji lugha nyingi. Kuandika majina ya sehemu katika mchoro, kuoanisha, kupanga hatua za jaribio zilizovurugwa, kujaza jedwali, au kuitwa mezani na kuonesha kwa mkono. Katika muhula wa kwanza, nusu ya alama za zoezi zitoke katika kazi za namna hii. Nusu nyingine iwe ya sentensi, kwa sababu bila mazoezi ya sentensi lugha haitakua.

Katika kusahihisha, pita mara mbili kwa kalamu mbili. Mzunguko wa kwanza ni wa somo peke yake. Tuseme mtoto ameandika: "Leaf it use sun laiti and wota and kaboni dayoksaidi." Ukisoma kwa sauti utasikia mahitaji matatu ya mmea, yote sahihi, yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili. Kama swali lilitaka vitu vitatu, katika muhula wa kwanza huyu anapata alama zote tatu. Mzunguko wa pili, kwa wino mwingine, ni wa lugha, nao hautoi wala hauondoi alama. Chagua aina moja tu ya kosa, ile itakayomsaidia zaidi, uiandike sahihi pembeni. Kwa mtoto huyu ningeandika "light" na "water" na kumwacha na "it use" hadi juma lijalo. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi na mtoto, hufungwa haraka na kufichwa chini ya dawati.

Kipimo changu cha tahajia ni hiki: likisomwa kwa sauti, je, linasikika kama neno lililokusudiwa, na hakuna neno jingine la somo linaloweza kudhaniwa? Kama ndiyo, alama itolewe. Sharti la pili ni la lazima. "Ureter" na "urethra" ni mirija miwili tofauti katika mwili, "mitosis" na "meiosis" ni njia mbili tofauti za seli kugawanyika, na "glucagon" na "glycogen" havifanani kwa kazi hata kidogo. Katika maneno hayo tahajia ni sehemu ya somo, na mtoto aambiwe hivyo mapema, afanyishwe mazoezi, na akikosea apoteze alama.

Usiwape alama za huruma. Kumsaidia mwanafunzi wa lugha si kumjazia alama asizostahili, na mtoto asiyejua kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza anahitaji kufundishwa upya, jambo ambalo hutalifanya ikiwa alama zako mwenyewe zinakuficha ukweli. Kwa sababu hiyo naweka safu mbili katika daftari langu la kumbukumbu, moja ya somo na nyingine ya lugha. Alama rasmi za upimaji endelevu hufuata utaratibu wa shule. Safu hizo mbili ni za mwalimu, za kumwambia afanye nini kesho.

Jibu ambalo huwezi kuliamua, muulize mwenyewe. Wanafunzi watano kwa siku, dakika mbili kila mmoja, wakati wenzao wanaandika zoezi, na katika siku 14 za vipindi utakuwa umewafikia wote 70. Anza kwa Kiingereza. Akikwama, uliza swali lilelile kwa Kiswahili. Akijibu kwa Kiswahili, mpe neno moja au mawili na umwombe alirudie jibu lake kwa Kiingereza. Ni dakika mbili, lakini ndani yake umepima somo, umepima lugha na umefundisha.

Kuelekea Kidato cha Pili

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ndio humwezesha mwanafunzi kuendelea na Kidato cha Tatu, na hautampa mtoto viunzi wala kumsomea "laiti" kama "light". Kwa hiyo msaada wote nilioueleza una tarehe ya kupungua. Katika muhula wa kwanza wa Kidato cha Kwanza tahajia isiadhibiwe, isipokuwa katika yale maneno yanayoweza kuchanganywa na maneno mengine ya somo. Katika muhula wa pili, maneno yaliyokaa ukutani tangu Januari yaandikwe sawasawa, na yakikosewa alama ipungue. Mtihani wa mwisho wa mwaka uwe na umbo la mtihani wa taifa, maswali yenye urefu na vitenzi vile vile, baada ya kuwa umewafundisha kulivunja swali refu: zungushia kitenzi cha amri, pigia mstari neno la somo, hesabu ni vitu vingapi vimeombwa. Alama 30 ndiyo mpaka kati ya F na D, na nimeshuhudia watoto waliouvuka mpaka huo kwa sababu tu walijifunza kutoacha swali wazi, wakaandika hata maneno matatu ya Kiingereza walipojua jibu.

Tahadhari moja inahusu msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, watoto wengi husaidia kuokota na kubangua, na mahudhurio hupungua. Usipange vitenzi vipya vya amri katika majuma hayo. Yatumie kurudia maneno ya ukutani, ili anayekosa siku mbili asikose jambo ambalo hatalikuta tena.

Mwezi Desemba, daftari lenye safu mbili limfikie mwalimu atakayelipokea darasa katika Kidato cha Pili, na mkae naye mlipitie pamoja. Mbele ya kila jina pawe na mstari mmoja wa maelezo. Kwa yule msichana wa mahindi chini ya mkorosho, niliandika hivi: "Anaeleza sababu vizuri kwa mdomo. 'Because' anaitumia sawasawa. Tahajia ya maji na mwanga imenyooka, ya gesi bado. Apewe maneno mawili ya kuanzia hadi Machi, kisha aachwe aandike mwenyewe."